Demo ya konsoli mpya siyo gemu: soma uzi huu kabla hujatoa hela yako

MwanaLoleza (mleta uzi)

Heshima kwenu wakuu. Kwa wa nyumbani, mugonile.

Nina banda la gemu hapa Soweto, Mbeya. Juzi kaja kijana anayekaanga chipsi pale Kabwe, kadunduliza hela muda mrefu, anataka nimtafutie PS5, ile konsoli (mashine ya gemu) ya Sony. Nikamuuliza anataka kucheza nini. Akatoa simu, akanionyesha klipu: dada mmoja anapita pangoni, jua linapenya kwenye ufa wa juu, wadudu wanatawanyika ukutani wakimulikwa na taa, halafu ukumbi umejaa masanamu, na mwishoni anapaa juu ya magofu kwa kasi mpaka macho yanashindwa kufuata. "Kaka, nataka gemu hili."

Gemu hilo halipo. Halikuwahi kutengenezwa.

Klipu ile ni demo, yaani onyesho la kutangaza uwezo wa mashine, na inaitwa Lumen in the Land of Nanite. Epic Games waliitoa tarehe 13 Mei 2020, PS5 ikiwa bado haijaingia madukani (iliingia Novemba mwaka huo), ili kuonyesha Unreal Engine 5, injini yao mpya, yaani programu ya kutengenezea gemu. Iliendeshwa kwenye PS5 yenyewe, hilo ni kweli na wapewe haki yao. Lakini hawakuiuza, hawakuigawa kwa wenye PS5, na yule dada hana hadithi yoyote inayomsubiri mbele. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watengenezaji wa gemu: tazameni mashine hii na injini hii vinaweza kubeba nini.

Nimeleta uzi kwa sababu klipu za namna hii zinatembea kwenye makundi ya WhatsApp kila siku, na kuna maduka mjini hapa yanaziweka kwenye TV kubwa mlangoni, zinazunguka kutwa, na chini yake zimepangwa PS4 za mtumba. Mpita njia anaamini kwamba anachokiona juu ndicho kinachotoka kwenye boksi la chini. Mtu anatoa hela ya msimu mzima wa viazi kwa ajili ya kitu ambacho hakimo ndani ya hilo boksi. Kwangu hili ni jambo zito, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Na halikuanza jana. Machi 1999 Sony walipoitangaza PS2 Tokyo, Square, watengenezaji wa gemu, walileta ile dansi ya ukumbini ya gemu lao Final Fantasy VIII. Kwenye PS1 dansi ile ilikuwa video iliyorekodiwa, mashine inaicheza tu kama filamu. Safari hii PS2 ilikuwa inaichora yenyewe palepale, fremu baada ya fremu, yaani picha moja moja zinazofuatana. Watu walishika vichwa. Karatasi ya Sony ikasema chipu ya picha inachora hadi pembetatu milioni 75 kwa sekunde (kila umbo la gemu hujengwa kwa pembetatu ndogo ndogo). Ni kweli, ila ni pembetatu tupu, hazijavishwa picha. Weka ngozi ya mchezaji, jezi, nyasi, mwanga na mashabiki jukwaani, namba inaporomoka. Sisi tuliolelewa na PS2 tunajua gemu zake zilikuwa nzuri mno, na tunajua pia hazikufikia ile karatasi.

Kipimo changu ni kimoja tu. Ukionyeshwa uwezo wa konsoli mpya, uliza nani ameshika pedi. Kama hakuna aliyeshika, unatazama video. Kama ameshika mfanyakazi wa kampuni jukwaani, anapita njia aliyoizoea, hatoki nje yake. Ukishika wewe mwenyewe ukaenda usikoambiwa uende, hapo ndipo umeiona mashine.

Karibuni tuchangie, ila tuandike tunachokijua.

Fundi Pedi

Nimekaa siti ya mbele mkuu. Hilo la TV mlangoni lipo, nimeliona kwa macho yangu Mwanjelwa.

Kijana wa Ipogolo

Kamwene wakuu, nipo Iringa.

Mleta uzi umewaonea huruma sana. Mimi nasema demo ni ule mchele wa juu ya gunia: daraja la kwanza unaouona, chini kuna chenga. Angalieni maonyesho ya E3, Mei 2005. Sony wanaitangaza PS3, wanaachia video ya gemu la vita, Killzone: askari wanashuka kwenye vyombo vinavyoelea, moshi, risasi, nyuso zinatoa jasho. Dunia nzima ikaamini ndivyo PS3 itakavyokuwa. Baadaye ikajulikana video ile iliandaliwa mapema kama katuni ya sinema, kompyuta inachukua muda wake kuchora kila fremu. Hakuna PS3 iliyokuwa inaiendesha. Gemu lenyewe, Killzone 2, lilitoka Februari 2009, karibu miaka minne baadaye. Video ya MotorStorm kwenye jukwaa lilelile, habari ni ileile.

Halafu njooni kwa Microsoft. Juni 2009 wanaonyesha Kinect, kamera ya konsoli yao ya Xbox, na mtengenezaji gemu Peter Molyneux analeta Milo, mtoto ndani ya TV anayeongea na wewe, unamchorea kitu kwenye karatasi anakipokea. Kinect ikatoka mwaka uliofuata. Milo hajatoka mpaka leo. Watu walinunua kamera ile wakiwa na picha ya Milo kichwani.

Huo ni utapeli, tusiupake mafuta.

Ziwa Ngosi

Mkuu wa Ipogolo, kwenye Killzone na Milo uko sahihi, sikupingi. Ila umefagia na vilivyo vizuri. Mimi nilisoma chuo cha MUST pale Iyunga, sasa kazi yangu ni kuchora majengo ya 3D kwa ajili ya wakandarasi, kwa hiyo injini hizi nazishika kila siku. Nisaidieni subira kidogo, hapa nitaandika marefu.

Demo nzuri ni mahali ambapo mhandisi anajaribu wazo moja mbele za watu. Agosti 2000 Nintendo walionyesha GameCube, konsoli yao mpya, kwenye maonyesho yao ya Space World, Japani. Wakaleta kitu kinaitwa Super Mario 128: ubao wa duara, halafu Mario 128 juu yake kwa wakati mmoja, kila mmoja anafanya lake. Mwingine anaokota, mwingine anarusha, mwingine anaanguka, na ubao wenyewe unainamishwa na kubadilishwa umbo. Gemu la jina hilo halikutoka kamwe. Kwa macho ya mkuu wa Ipogolo huo ni utapeli. Lakini mwaka uliofuata ilitoka Pikmin, ambapo unaongoza viumbe wadogo hadi 100 kwa pamoja, kila mmoja na kazi yake. Shigeru Miyamoto, baba wa Mario, amesema mwenyewe kwamba majaribio ya Mario 128 yaliingia humo, na lile wazo la kutembea juu ya umbo la duara likaja kuzaa Super Mario Galaxy mwaka 2007. Demo ilikufa, wazo likaishi kwenye gemu mbili ambazo watu wanazipenda mpaka kesho.

Sasa ile klipu ya kijana wa chipsi. Chukueni sanamu moja tu la mle ukumbini. Lina pembetatu zaidi ya milioni 33. Kumbukeni PS2 na milioni zake 75 kwa sekunde: ingechora masanamu mawili, sekunde imeisha. Ukumbi ule una masanamu karibu 500, jumla pembetatu zaidi ya bilioni 16.

Kabla ya hapo kazi yetu ilikuwa hivi. Unachonga sanamu lenye kila mkunjo wa nguo. Kisha unaanza kulipunguza: nakala ya karibu, nakala ya kati, nakala ya mbali. Ile mikunjo unaihamishia kwenye picha maalumu inayodanganya mwanga ili uso bapa uonekane una mabonde. Mchezaji akisogea, mashine inabadilisha nakala, na ndiyo maana kwenye gemu nyingi ukikaribia mti unauona unajibadilisha ghafla mbele yako. Kupunguza huku kunakula siku nyingi za kazi ya mtu.

Nanite, teknolojia iliyomo ndani ya Unreal Engine 5, inafanya hivi: inalikata sanamu vipande vidogo vidogo, inavipanga kwa ngazi kuanzia vyenye maelezo yote hadi vya jumla, halafu kila fremu inachagua vipande kwa kuangalia pikseli (nukta za skrini) ngapi zitakufikia wewe. Sanamu likiwa mbali, hakuna sababu ya kuchora pembetatu elfu moja ndani ya pikseli moja. Epic walieleza wenyewe: kila fremu ina chanzo cha pembetatu zaidi ya bilioni moja, zinazochorwa kweli ni kama milioni 20. Ujanja uko hapo, kwenye kuchagua.

Na kuchagua kunahitaji vipande vifike haraka. SSD ya PS5, yaani hifadhi yake isiyozunguka, inasoma GB 5.5 kwa sekunde. Diski ya kuzunguka iliyomo kwenye PS4 inasoma MB 50 hadi 100 kwa sekunde. Lile ruka la mwisho, dada anapaa juu ya magofu, liliwekwa kwa makusudi kuonyesha kasi hiyo. Ndiyo maana nakubaliana na mleta uzi kwamba kuweka klipu ile juu ya PS4 ni kumkosea mteja. Ni mashine mbili tofauti kabisa.

Jambo jingine ambalo klipu za WhatsApp hazisemi: demo ile ilikuwa inaenda fremu 30 kwa sekunde, na kwa sehemu kubwa ubora wa picha ulikuwa 1440p, siyo 4K kamili. Epic hawakulificha hilo.

Mama Parachichi

Wanangu shikamooni kwa elimu. Mimi niko Njombe, nalima parachichi, mwanangu yuko kidato cha pili na ananisumbua na haya mambo. Anasema PS4 haifai, nimnunulie kubwa, na ananionyesha video hizohizo. Huyo Ngosi amenisaidia sana kuelewa. Swali langu ni hili: hizo Nanite zimeshaingia kwenye gemu la kuchezwa na mtoto, au bado ni maonyesho?

Ziwa Ngosi

Mama, sisi ndio tunaopaswa kukusalimu. Shikamoo.

Zimeingia. Fortnite ilizipokea Desemba 2022 kwenye msimu wa Chapter 4, yaani miaka miwili na nusu baada ya klipu ya pango. Tena inaenda fremu 60 kwenye PS5, na gemu lenyewe halilipiwi. Ila kwa Njombe lazima uwe na bando la uhakika, maana linachezwa kwa intaneti na masasisho yake ni mazito. Mwaka 2024 ilitoka Black Myth: Wukong, hiyo imejengwa juu ya Unreal Engine 5.

Ile miaka miwili na nusu ndiyo ya kushika, mama. Mtoto akikuonyesha demo iliyotoka leo, ujue gemu lenye sura hiyo bado lina safari.

MwanaLoleza (mleta uzi)

Shikamoo mama, karibu sana kwenye uzi.

Niongezee upande wa mashine. Kila PS5 inakuja na gemu moja ndani yake, bure, huhitaji diski wala intaneti. Linaitwa Astro's Playroom. Hiyo ndiyo demo ninayoiheshimu kuliko zote, kwa sababu inashikwa na mkono wako. Team Asobi waliitengeneza kuonyesha pedi mpya ya DualSense, na dunia zake wamezipa majina ya viungo vya mashine: kuna ya SSD, kuna ya memori, kuna ya chipu ya picha, kuna ya kupoza joto.

Nieleze ninachokiona bandani. Mtoto anamtembeza Astro, roboti mdogo wa gemu hilo, kwenye mchanga, pedi inatetemeka kwa namna ya mchanga, mtetemo mkavu wa kukwaruza. Anaingia kwenye barafu, mtetemo unakuwa laini wa kuteleza. Mvua ikianza, anahisi matone upande wa kushoto, kisha kulia, yanagonga ndani ya viganja. Anavaa lile vazi la springi, kitufe cha nyuma kinakuwa kigumu kidole kikisukuma, kinabonyea kwa nguvu, halafu kinaachia. Kuna mahali inabidi upulize kwenye pedi ili panka lizunguke. Watoto wakifika hapo wote wanainamisha vichwa kupuliza, hata wasiocheza. Siku ya kwanza bandani hakuna aliyeuliza habari za mpira.

Hayo huwezi kuyaweka kwenye klipu. TV ya mlangoni haiwezi kukupa matone ya mvua mkononi. Ndiyo sababu naiona kuwa demo ya kweli: inachoahidi unakipata dakika hiyohiyo, kwenye boksi ulilolilipia.

Na kuna zawadi kwa tunaopenda historia. PS1 ilipokuwa mpya, Sony walikuwa na demo ya dinosaria, T-Rex anayetembea kwenye giza, unamzungusha na kumfungua mdomo kwa pedi. Iliingia kwenye diski za majaribio zilizokuja na mashine. Hakukuwa na gemu lake, alikuwa mnyama wa kuonyesha tu. Mwaka 2020, mwishoni mwa Astro's Playroom, adui mkubwa wa mwisho ni yuleyule T-Rex. Mara ya kwanza kumwona nilisimama. Walimtunza miaka 26 wakamrudisha ili upigane naye.

Fundi Pedi

Naomba niseme kitu kama fundi. Vile vitufe vya nyuma vya DualSense vina mota na meno ya plastiki ndani. Watoto wakivivuta kwa hasira vinakufa, na pedi zake ni ghali. Mwenye banda ajipange kwa hilo.

Boda ya Tunduma

Wakuu, mimi ni muuzaji. Nachukua mzigo, nauza rejareja hapa Tunduma na mwingine naupeleka Vwawa. Mmetupiga sana humu, naomba na mimi nisikilizwe.

Mteja hasimami mbele ya TV iliyozimwa. Nikiweka mechi ya mpira, anasema hiyo ninayo nyumbani kwenye PS2. Nikiweka klipu kali, anasimama, anauliza bei, tunaongea. Simwambii kwamba gemu lile limo. Na kuacha konsoli imewashwa mlangoni kila mtu ashike pedi, mjue ni vumbi na ni mikono mia kwa siku. Kwa upepo wa huku kiangazi, feni inajaa vumbi upesi sana, mashine inaanza kulia kama inataka kuruka. Nani atainunua tena kama mpya?

MwanaLoleza (mleta uzi)

Mkuu wa Tunduma, ahsante kwa kuja wazi, na hoja ya vumbi naikubali kwa sababu na mimi nafungua mashine kila mara kuzisafisha.

Lakini humwambii kwamba limo, na humwambii kwamba halimo. Mteja anayejaza pengo hilo ni yule asiyejua, na ndiye mwenye hela ya mara moja. Ukitaka klipu kali ya kuuzia PS4, huna haja ya kuazima ya Epic. Washa God of War ya 2018 kwenye PS4 yako usiku, cheza sehemu ya mwanzo kule msituni kwenye theluji, bonyeza kitufe cha Share, mashine inarekodi yenyewe. Weka hiyo mlangoni. Mteja atasimama vilevile, na akifika nyumbani atakuta kilekile alichokiona.

Boda ya Tunduma

Hilo la Share nimelielewa mkuu. Nitalifanya.

Binti Uporoto

Habari zenu kaka zangu. Natokea Tukuyu. Mmeongelea demo iliyodanganya na demo iliyosema kweli. Kuna aina ya tatu haijaguswa: demo iliyosema kweli halafu ikawaumiza watengenezaji wenyewe.

Palepale Space World 2000, Nintendo walionyesha sekunde chache za Link, shujaa wa gemu za Zelda, akipigana kwa upanga na adui yake Ganondorf, kwa sura ya uhalisia. Mashabiki wakakariri kwamba hiyo ndiyo Zelda ijayo. Mwaka 2001 Nintendo wakarudi na Zelda ya mtindo wa katuni, Link ana macho makubwa na rangi zimejaa bapa. Watu walikasirika kama vile wameibiwa. Wakati hawakuibiwa chochote, demo ya kwanza haikuwa ahadi ya gemu. Gemu hilo, The Wind Waker, ukilitazama leo bado linapendeza, wakati gemu nyingi za uhalisia za miaka ile zimechakaa sura.

Square Enix nao. Mwaka 2005, kwenye jukwaa lile la PS3, walichora upya mwanzo wa Final Fantasy VII kuonyesha uwezo wa mashine. Wakasema ni demo tu. Mashabiki hawakukubali, wakaidai kila mwaka. Gemu likatangazwa 2015, likatoka Aprili 2020, na wala halikutoka PS3, lilitoka PS4. Miaka 15 watu wanadai kitu ambacho hawakuahidiwa.

Kwa hiyo mimi lawama siziweki kwa kampuni peke yake. Na sisi watazamaji tuna tabia ya kusikia ahadi mahali ambapo haijatolewa.

Kijana wa Ipogolo

Dada, hoja yako nzito. Ila hukumu yangu kwa Killzone iko palepale. Pale mtu aliulizwa kama ile ni mashine inaendesha, na jibu halikunyooka.

Binti Uporoto

Kwa Killzone tuko pamoja kaka.

Ngoja niwape ninayoipenda. Machi 2012, Quantic Dream, watengenezaji gemu wa Ufaransa, walionyesha demo ya Kara, inaendeshwa kwenye PS3, mashine iliyokuwa na memori ya MB 512 tu kwa ujumla. Roboti wa kike anaunganishwa kiwandani, mkono baada ya mkono, anajibu maswali ya mkaguzi. Anapogundua kwamba atauzwa anauliza, na kuuliza kwenyewe kunaonekana kuwa hitilafu, wanaanza kumvunja. Anaomba asiuawe, anasema anaogopa. Ni kama dakika saba. Walikuwa wanaonyesha namna mpya ya kunasa sura, mwili na sauti ya mwigizaji kwa pamoja, badala ya kurekodi sauti siku moja na mwili siku nyingine. Ukimtazama midomo na macho unaelewa bila kuelezwa. Valorie Curry aliyeigiza pale ndiye aliyerudi kuwa Kara kwenye gemu la Detroit: Become Human mwaka 2018.

Pembetatu hazikuwa habari pale. Habari ilikuwa macho ya Kara anapoogopa.

Mama Parachichi

Hiyo ya roboti nimeitafuta nikaitazama na mwanangu. Ametulia kimya mpaka mwisho. Ahsante binti.

Fundi Pedi

Mleta uzi, yule kijana wa Kabwe mwishowe alinunua nini?

MwanaLoleza (mleta uzi)

Nilimkalisha bandani, nikampa pedi ya Astro, kisha nikampa gemu nyingine mbili zenye picha kali. Kachukua PS5, kwa kujua anachochukua. Yeye hupenda kuzurura kwenye mji wa gemu kuliko mashindano, na ilimuuma nilipomweleza habari ya The Matrix Awakens.

Kwa wasioijua: ni demo ambayo Epic waliitoa bure Desemba 2021 kwa PS5 na Xbox Series. Sehemu ya kwanza unapiga risasi kutoka kwenye gari, kisha unaachiwa mji mzima uzunguke. Majengo 7,000, watembea kwa miguu 35,000, mji wa karibu kilomita za mraba 16. Unaweza kuligeuza jua kuwa usiku, kupaa na droni, hata kuiamuru ikuonyeshe zile pembetatu za Nanite zikijipanga ukisogea. Hiyo ilipita kipimo changu cha pedi, na kwa sababu uliishika wewe uliona na udhaifu wake: ukiendesha kasi au ukigonga magari, fremu zinashuka chini ya 30. Video isingekuonyesha hilo. Julai 2022 wakaiondoa madukani. Aliyekuwa ameshaipakua anayo, asiyeipakua hawezi kuipata tena.

Ninayo kwenye mashine moja bandani na siifuti.

Ziwa Ngosi

Mkuu usiifute kabisa. Nitakuja na vijana ninaowafundisha 3D. Ile sehemu ya kuonyesha pembetatu ni darasa tosha, kuliko mimi kuchora ubaoni.

Kijana wa Ipogolo

Swali la mwisho kwa Ngosi. Ile demo ya gemu la Witcher 4 ya Juni 2025, shujaa wake Ciri anapanda farasi milimani halafu anaingia sokoni kumejaa watu. Wamesema ni PS5 ya kawaida, fremu 60. Niamini?

Ziwa Ngosi

Amini walichosema, usiongeze. CD Projekt Red, wenye gemu hilo, na Epic waliiendesha kwenye PS5 ya kawaida, fremu 60, na mwanga wa kufuatilia miale ukiwa umewashwa. Na CD Projekt walitamka wazi kwamba ni demo ya teknolojia, siyo kipande cha gemu. Gemu kamili lina mapigano, akili za maadui, misheni mia, kuhifadhi safari, yote yanagombania prosesa ileile. Pale sokoni hakuna aliyekuwa anapigana.

Na kwa demo yoyote, someni maandishi madogo ya chini. Yakisema picha zimechukuliwa kwenye PS5, ni mashine yenyewe. Yakisema zimetoka kwenye injini, inaweza kuwa kompyuta yenye nguvu mara kadhaa ya PS5, au zimechorwa taratibu na kuunganishwa baadaye. Klipu za WhatsApp hukatwa sehemu hiyo, kwa hiyo itafuteni ile halisi kwenye chaneli ya kampuni.

MwanaLoleza (mleta uzi)

Witcher 4 wenyewe wamesema haitoki kabla ya mwaka 2026 kwisha. Klipu ya Juni 2025 nimeshaipakua kwenye flashi, yenye maandishi yake yote. Gemu likitoka nitaliweka TV ya kulia, klipu TV ya kushoto, na tutapita soko lilelile taratibu, banda likiwa wazi kwa yeyote. Mkuu wa Ipogolo, wewe ndiye utashika pedi.

Kijana wa Ipogolo

Nakuja Mbeya kwa ajili ya hilo. Niwekee nafasi.